Kifafa kisichokoma: kile picha za ubongo zinaonyesha, na kwa nini dakika tano ni nyingi

Mara nyingi kifafa kinaisha chenyewe kabla jirani hajafika. Mtu anaanguka, mwili unakauka, mikono na miguu inapiga-piga, povu linatoka mdomoni, na kisha dakika moja ao mbili mwili unalegea. Anapumua kwa nguvu, analala, halafu anaamka akiuliza kwa nini watu wamemzunguka. Wakaaji wengi wa Goma, Bukavu, Uvira ao Bunia wamekwisha kuona jambo hilo sokoni, kanisani ao darasani.

Lakini kuna kifafa kingine, kile kisichokoma. Dakika tano zinapita, kumi, ishirini, na mwili ungali unatetemeka. Ao kinatulia kidogo na kabla mgonjwa hajarudiwa na akili kinaanza tena, mara ya pili, mara ya tatu. Waganga wetu wanakiita kwa Kifaransa « état de mal ». Ni moja kati ya dharura kubwa za ubongo. Kwa miaka mingi, kile ambacho kifafa cha namna hiyo kinafanya ndani ya kichwa kilionekana tu kwa darubini, baada ya mtu kufa. Leo mashine ya IRM inakionyesha kwa mtu aliye hai, siku ileile ao kesho yake: doa jeupe mahali ambapo hapakupashwa kuwa doa.

Msomaji anayeishi mahali ambapo hakuna IRM hata kwa mwendo wa siku nzima anaweza kusema: hayo yananihusu nini? Yanamhusu sana. Picha hizo ndizo zilizoonyesha wazi kwamba hesabu ya dakika si mazoea ya waganga tu. Kinachoamua kama doa litafutika ao litabaki kinaanza nyumbani, kwenye saa ya simu ya yule aliyemwona mgonjwa akianguka.

Mipaka miwili ya saa

Zamani vitabu vya waganga vilisema kwamba kifafa kinaitwa état de mal kama kimepita dakika 30. Kanuni hiyo ilikuwa na kasoro moja kubwa: munganga aliyeifuata neno kwa neno angengoja nusu saa kabla ya kushituka. Mwaka 2015, shirika la kimataifa la wataalamu wa kifafa, ILAE, lilitoa maelezo mapya yenye mipaka miwili. Kwa kifafa kinachotetemesha mwili mzima, mpaka wa kwanza ni dakika 5: ukipita hapo, kuna uwezekano mdogo kwamba kitakoma chenyewe, na dawa inapashwa kutolewa. Mpaka wa pili ni dakika 30: kuanzia hapo kuna hatari ya madhara yatakayobaki, seli za ubongo kufa na mishipa ya fahamu kuharibika. Kwa kifafa kinachoshika sehemu moja ya ubongo na kumfanya mtu apoteze akili bila kutetemeka mwili wote, mipaka ni mirefu zaidi, dakika 10 na zaidi ya dakika 60.

Dakika 5 zinaonekana chache. Lakini jaribu kumtazama mtoto akitetemeka huku ukishika saa mkononi. Watu wengi wanaosema « ilidumu saa nzima » walishuhudia dakika tatu. Na kuna wengine wanaosema « ilikuwa kidogo tu » kumbe mtoto alianza kabla ya mapambazuko na jua limekwisha kutoka. Ndiyo maana muuguzi hawezi kutegemea makadirio.

Ndani ya seli kunatokea nini

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa karibu kilo moja na nusu, sawa na 2% ya mwili, lakini unakula karibu 20% ya oksijeni tunayovuta. Hiyo ni siku ya kawaida. Wakati wa kifafa, maelfu kwa maelfu ya seli zinatoa umeme kwa pamoja, na mahitaji yanapanda mara dufu na zaidi. Mwanzoni mwili unajisaidia: moyo unaenda mbio, presha inapanda, sukari inaongezeka katika damu, damu nyingi inapelekwa mahali panapowaka. Kama kifafa kinaendelea, msaada huo unachoka. Presha inashuka, sukari inashuka, joto la mwili linapanda, pumzi inakuwa fupi.

Kila seli ya ubongo ina pampu ndogo katika ngozi yake zinazotoa chumvi nje usiku na mchana. Pampu hizo zinahitaji nguvu. Nguvu ikipungua, chumvi inabaki ndani, na mahali chumvi inapobaki maji yanafuata. Seli inavimba. Mashine ya IRM kwa asili yake inasoma maji ya mwili. Basi, mara tu maji yanapohama kutoka nje ya seli kuingia ndani, mashine inaona.

Je, ni ukosefu wa hewa peke yake unaoua seli? Swali hilo lilijibiwa mwaka 1973 na kundi la mtafiti Mwingereza Brian Meldrum, aliyechunguza nyani wakubwa waliotiwa kifafa kirefu. Katika sehemu moja ya uchunguzi, misuli ya nyani ililegezwa kwa dawa na mashine ikawapumulia, ili wasikose oksijeni na mwili usichoke kwa kutetemeka. Uharibifu ulipungua, lakini haukuisha: seli za hipokampi, ile sehemu iliyojikunja ndani ya ubongo nyuma ya sikio na inayohifadhi kumbukumbu mpya, ziliendelea kufa. Maana yake, dhoruba ya umeme yenyewe inatosha kuua. Kumzuia mgonjwa asitetemeke si kumponya.

Kuna jambo la pili ambalo kila jamaa yenye mgonjwa wa kifafa ingefaa kulijua. Diazepam inafanya kazi kwa kuingia kwenye kufuli fulani juu ya ngozi ya seli, na kufuli hizo ndizo breki za ubongo. Kadiri kifafa kinavyoendelea, seli inazivuta kufuli hizo ndani, na wakati huohuo inaongeza zile za kuchochea. Ufunguo ni uleule, muuguzi ni yuleyule, lakini mlango hauna tena tundu la kuingizia ufunguo. Dawa ambayo ingezima kifafa kwenye dakika ya saba inaweza kushindwa kabisa baada ya saa moja. Mara nyingi jamaa inasema « walimpiga sindano lakini dawa yao ni mbaya ». Pengine dawa ilikuwa nzuri. Ilichelewa.

Doa jeupe

Sasa tuje kwenye picha. Mgonjwa aliyekuwa na kifafa kirefu, kama anapigwa IRM saa chache ao siku chache baadaye, anaweza kuonyesha utepe mweupe unaofuata mikunjo ya juu ya ubongo, kama mtu aliyepitisha chaki ukingoni. Hipokampi inaweza kuwa nyeupe na kuvimba, upande mmja ao pande zote mbili. Sehemu ya nyuma ya talamusi, ambayo ni kama njia panda ya habari zote zinazoingia ubongoni, nayo inang’aa. Mara nyingine doa linatokea kwenye ubongo mdogo, kule nyuma ya shingo, na cha ajabu ni kwamba linatokea upande wa pili: kifafa kinawaka kushoto, ubongo mdogo unaumia kulia. Mtu asiyejua njia za mishipa anaweza kufikiri ni ugonjwa mwingine. Kumbe kila nusu ya ubongo mkubwa imeunganishwa na nusu ya kinyume ya ubongo mdogo, na moto umefuata waya.

Hapo ndipo kuna mtego kwa wasomaji wa picha. Doa jeupe lenye seli zilizovimba ndilo pia linaloonekana kwa mtu aliyepigwa na AVC, yaani mshipa wa damu ulioziba. Tofauti iko katika umbo. Mshipa ukiziba, linalokufa ni eneo lote lililokuwa likinyweshwa na mshipa huo, kama shamba zima linavyokauka mfereji wake ukifungwa, na mashamba ya jirani yanabaki mabichi. Doa la kifafa haliheshimu mipaka ya mifereji. Linaruka kutoka eneo la mshipa mmoja kwenda la mwingine, linashika ngozi ya juu ya ubongo na kuacha ya chini, na mara nyingi damu katika eneo hilo imeongezeka, haikupungua. Kama picha inafika kwa mtaalamu bila karatasi inayosema mgonjwa alitetemeka dakika arobaini, anaweza kuandika AVC, ao uvimbe wa kansa, ao maambukizo ya ubongo. Mgonjwa anarudi nyumbani na ugonjwa ambao hana.

Jambo la pili kuhusu doa hilo ni kwamba linaweza kuondoka. Kwa wagonjwa wengi linafifia katika siku chache ao majuma machache, na picha ya pili inaonyesha ubongo kama wa mtu mwingine yeyote. Kwa wengine, mahali palipokuwa peupe na pamevimba pananywea, panakauka, na kovu linabaki. Picha ya kwanza peke yake haiwezi kusema kwa uhakika ni njia gani mgonjwa atafuata. Kuna jamaa ambazo zimeambiwa « ubongo umekwisha kuharibika » kwa sababu ya picha moja iliyopigwa siku ya pili. Kwa maoni yetu, neno zito kama hilo linapashwa kungoja picha ya pili.

Watoto wenye homa

Uchunguzi ulioeleza vizuri zaidi safari hiyo kutoka doa hadi kovu ulifanyika Marekani na unaitwa FEBSTAT. Ulifuata watoto wadogo waliopata konvulsio za homa zilizodumu dakika 30 na zaidi. Kati ya watoto 226, kulikuwa na 22 ambao hipokampi yao ilionekana nyeupe kwenye picha za siku za kwanza. Katika kundi la kulinganisha, watoto 96 waliokuwa na konvulsio fupi za homa, hakuna hata mmoja aliyekuwa na doa hilo. Mwaka mmoja baadaye, 14 kati ya wale 22 walipigwa picha tena. Kumi kati yao walikuwa na hipokampi iliyonywea na kuwa ngumu, ile kasoro ambayo kwa watu wazima inakutwa mara nyingi kwenye kifafa kisichotii dawa.

Tuyasome matokeo hayo kwa utulivu. Yanawapa amani wazazi ambao mtoto wao alitetemeka dakika mbili kwa sababu ya homa: konvulsio fupi haikuacha alama kwa yeyote. Na hata kwa zile ndefu, watoto wengi hawakuwa na doa. Lakini kwa wale waliokuwa nalo, kazi ilikuwa imekwisha kuanza siku ileile, wakati hakuna mtu aliyekuwa akifikiria kifafa cha miaka ijayo.

Kuna sura kali zaidi. Katika miaka ya 1950, munganga Mfaransa Henri Gastaut na wenzake wa Marseille walieleza watoto ambao homa iliwaletea konvulsio ndefu ya upande mmoja wa mwili, na ilipokoma upande ule ukabaki umepooza. Picha za leo zinaonyesha kilichotokea. Siku za kwanza nusu nzima ya ubongo, ile iliyo upande wa kinyume na mkono uliotetemeka, imevimba na kuwa nyeupe kutoka mbele hadi nyuma, bila kujali mipaka ya mshipa wowote. Baada ya miezi, nusu ileile imenywea ndani ya fuvu. Kisha, miezi ao miaka mingine ikipita, kifafa cha kudumu kinaanza. Nchi zilizoweza kuwapa watoto dawa mapema zinauona ugonjwa huo mara chache siku hizi. Kwetu mtoto wa namna hiyo anajulikana mtaani kama yule « aliyepooza kwa sababu ya malaria », na mara nyingi hakuna aliyemwuliza mama yake mkono ulitetemeka kwa muda gani.

Na malaria yenyewe? Jibu moja limetoka karibu nasi, Blantyre nchini Malawi, kwenye hospitali ya Queen Elizabeth, ambako IRM ililetwa mwaka 2008. Kundi la munganga Terrie Taylor lilipiga picha watoto 168 wenye malaria ya ubongo. Watoto 25 walikufa, na 21 kati yao walikuwa na ubongo uliovimba sana tangu siku walipoingia hospitali. Kati ya 143 waliopona, waliovimba hivyo walikuwa 39. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 2015, na kwa mara ya kwanza yalionyesha wazi njia ya kifo: ubongo unavimba, unasukuma chini ile shina inayoongoza pumzi, na mtoto anaacha kupumua.

Lakini kuna uchunguzi mwingine wa Blantyre hiyohiyo, wa mwaka 2010, ambao ulizungumzwa kidogo na kwetu ungepashwa kusemwa zaidi. Watoto 132 waliopona malaria ya ubongo walifuatwa pamoja na watoto 264 waliolazwa kwa sababu nyingine. Kati ya 132, watoto 12 walipata kifafa. Kati ya 264, hakuna. Waliokuwa katika hatari zaidi ni wale waliokuwa na homa kali sana na wale waliotetemeka wakati wa ugonjwa. Hapa Kivu na Ituri, ambapo karibu kila nyumba imemzika ao imemponyesha mtoto wa malaria, hesabu hiyo inaeleza kifafa kingi ambacho majirani wanakitafutia mchawi.

Skana yetu inaweza nini

IRM ni chache sana katika nchi yetu, na jamaa zenye uwezo zinavuka kwenda Kigali ao Kampala. Skana, ile inayotumia miale kama radiografia, inapatikana zaidi katika miji mikubwa. Ni vizuri kujua mapema kwamba skana haioni vizuri madoa tuliyoeleza. Kwa mgonjwa wa kifafa kirefu inaweza kurudi safi kabisa, na hiyo haimaanishi kwamba hakuna kilichotokea.

Kazi yake ni nyingine: kutafuta chanzo. Damu iliyomwagika baada ya ajali ya pikipiki ao pigo la kichwa, skana inaiona mara moja. Inaona usaha ndani ya ubongo, uvimbe mkubwa, na yale mapete yanayoletwa na toksoplasma kwa mtu mwenye VIH asiyekunywa dawa. Inaona pia vidonge vidogo vigumu vya mnyoo wa nguruwe. Hapo tusimame kidogo, kwa sababu watu wengi wanasema « mimi sili nguruwe, hainihusu ». Nyama isiyoiva inaleta mnyoo tumboni tu. Vidonge vya ubongoni vinaletwa na mayai ya mnyoo huo, yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu aliye nao na kufika kwa mwingine kwa mikono, maji ao mboga. Mtu ambaye hajawahi kuonja nguruwe anaweza kuvipata kutoka kwa mpishi wake.

Na kuna kifafa ambacho chanzo chake kinatafutwa mtoni kabla ya kutafutwa kwenye picha. Katika zone ya afya ya Logo, huko Ituri, watafiti wamekuta kifafa kingi kwenye vijiji vilivyo karibu na mito yenye maji ya kasi, ambako nzi weusi wanaeneza ugonjwa wa upofu wa mtoni. Mtoto alikuwa mzima, na kati ya miaka 3 na 18 anaanza kuanguka. Dawa ya ivermectin, ile ya Mectizan inayogawanywa vijijini, inapunguza kifafa hicho kwa kuzuia ugonjwa wenyewe. Wanaoikataa kwa sababu inawasha ngozi wangefaa kuelezwa jambo hilo na wagawaji wa dawa.

Nyumbani, kabla ya hospitali

Hakuna picha inayopigwa wakati mtu angali anatetemeka. Kwanza moto uzimwe. Na unazimwa na vitu ambavyo kituo cha afya kinaweza kuwa navyo: diazepam, ambayo kama mshipa haupatikani inaweza kupitishwa nyuma kulingana na uzito wa mgonjwa, kipimo cha sukari, kwa sababu sukari iliyoshuka inaleta kifafa ambacho hakitakoma bila glukozi, kipimo cha malaria, oksijeni kama iko. Ikishindwa, kuna phenobarbital ya sindano, itolewayo polepole na mtu anayechunga pumzi. Katika nchi tajiri kuna dawa nyingine mpya, lakini zisitutie huzuni sana: uchunguzi mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2019 ulilinganisha tatu kati yake kwa wagonjwa ambao diazepam na ndugu zake zilishindwa, na kila moja ilizima kifafa kwa karibu nusu ya wagonjwa tu.

Yule aliye nyumbani ana kazi yake. Atazame saa. Amlaze mgonjwa kwa ubavu ili mate yatoke nje, amwondoe karibu na moto, mawe ao maji, aweke nguo laini chini ya kichwa. Asitie kijiko mdomoni. Kijiko kimevunja meno mengi na hakijawahi kuzuia ulimi kumezwa, kwa sababu ulimi haumezwi. Asimnyweshe kitu. Na amshike: mate ya kifafa hayaambukizi. Makovu ya moto tunayoyaona kwa vijana wa kifafa hayakuletwa na kifafa peke yake. Mengine yaliletwa na watu waliosimama kando wakiogopa povu huku mwenzao akiwa jikoni juu ya makaa. Dakika 5 zikipita, ao kikikoma na kuanza tena, pikipiki iitwe.

Kwa mtu aliyekwisha kujulikana kuwa na kifafa, moja ya sababu kubwa za kifafa kisichokoma ni dawa iliyokatwa ghafula. Inakatwa kwa njia nyingi: barabara imefungwa na vita, kituo hakina tena stoki, mtu amejisikia vizuri akafikiri amepona, ao ameambiwa kwamba kuendelea kunywa ni kukosa imani. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linasema dawa za kifafa za bei ya chini zinaweza kupatikana kwa dola 5 kwa mwaka mzima. Linganisha na mbuzi wanaouzwa kwa ajili ya safari moja ya IRM. Hatusemi IRM haifai. Lakini jamaa inayouza shamba kwa ajili ya picha na kukosa feza za phenobarbital mwezi unaofuata imeshauriwa vibaya.

Hata wakati mwili umetulia, kazi haijaisha. Kuna wagonjwa ambao misuli imechoka lakini dhoruba ya umeme inaendelea ndani: mtu amelala kimya, pengine kope inacheza-cheza, kidole kinashituka, macho yameelekea upande mmoja. Jamaa inashukuru kwamba amelala. EEG ndiyo ingeonyesha ukweli, na pale isipokuwepo, alama ni moja: mgonjwa asiyeanza kuamka polepole katika nusu saa ao saa moja baada ya kutetemeka kukoma anapashwa kutazamwa tena na munganga, si kuachwa alale mpaka asubuhi.

IRM ina wakati wake, na mara nyingi ni miezi baadaye. Kama mtu anakunywa dawa mbili zilizochaguliwa vizuri, anazinywa kila siku, na bado anaanguka, hapo picha inatafuta kovu la hipokampi, kwa sababu kovu lililo upande mmoja linaweza kupasuliwa. Si jambo la Ulaya tu: kwenye hospitali ya CURE ya Mbale, Uganda, waganga wamekwisha kuwapasua watoto na vijana wenye kifafa cha sehemu hiyo ya ubongo.

Kwa hiyo, siku kifafa kinapotokea, mtu wa pili nyumbani achukue video fupi kwa simu huku wa kwanza akimshika mgonjwa. Ionyeshe uso, mikono yote miwili, na macho yanageukia wapi. Muuguzi ataitazama usiku huohuo ili ajue kama ni kifafa kweli. Na kama siku moja mgonjwa huyo anafika mbele ya IRM, msomaji wa picha atataka kujua ni mkono gani ulianza kutetemeka: ukiwa wa kuume, atalitafuta kovu kushoto.